Rangi za jedwali la elementi: kitabu kinasema hivi, chati inasema vile

Swali: Binti yangu yuko kidato cha tatu. Nilimnunulia chati ya jedwali la elementi kwa wale wauzaji wa kando ya barabara ya Tom Mboya, nikaibandika sebuleni. Sasa analalamika kwamba rangi zake hazifanani na za kitabu cha shule. Kitabuni haidrojeni ina rangi moja na sodiamu. Kwenye chati iko peke yake. Kitabuni zinki imewekwa rangi ya chuma na shaba. Kwenye chati ina rangi ya bati na risasi. Tayari ameanza kukariri rangi za kitabu. Ipi ni sahihi? Na ni kweli nyekundu inaonyesha elementi za hatari, kama alivyoambiwa na mwenzake? (Mzazi, Umoja)

Jibu: Mama, hakuna iliyokosea kati ya hizo mbili, na binti aache kukariri rangi leo hii kabla hazijamkaa kichwani.

Rangi za jedwali la elementi hazina sheria. Chombo kinachosimamia lugha ya kemia duniani ni IUPAC, muungano wa kimataifa wa wanakemia. Ndicho kinachoidhinisha jina la elementi mpya, ndicho kinachotoa uzani wa atomi unaoandikwa ndani ya kila kisanduku, na ndicho kilichopitisha kwamba safu zihesabiwe 1 hadi 18. Kuhusu rangi za familia hakijatoa amri yoyote. Mwanakemia Mrusi Mendeleev alipotoa jedwali lake mwaka 1869, likiwa na elementi sitini na kitu tu, lilikuwa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe. Rangi zililetwa baadaye na wachapishaji wa vitabu na chati ili macho ya mwanafunzi yasitangetange, na kila mchapishaji akachagua zake.

Wewe unayepanda matatu unalijua jambo hili tayari. Gari linaweza kuchorwa wachezaji wa mpira ubavuni au kupakwa zambarau kutoka boneti hadi nyuma, lakini anayetaka kufika nyumbani anatazama namba ya njia. Kwenye jedwali, namba ya njia ni ile nambari ya kisanduku, yaani idadi ya protoni katika kiini cha atomi. Sodiamu ni 11 kitabuni, 11 kwenye chati yako na 11 popote pale. Mchapishaji akiipaka rangi ya ndizi au ya damu ya mzee, protoni zake hazipungui wala haziongezeki.

Hata hivyo sisemi kwamba rangi ni mapambo matupu. Mchoraji anapopaka visanduku kadhaa rangi moja anakuambia, "Hawa kwangu ni kundi moja." Cha kuuliza ni kundi moja kwa kigezo gani. Kwa hayo machache uliyoniandikia nadhani naweza kukuambia vigezo vya kitabu na vya chati bila kuviona.

Kitabu cha binti kinapaka kwa makazi. Haidrojeni iko safu ya 1, na sodiamu iko safu ya 1, basi zimepewa rangi moja bila kuulizwa zinafanya kazi gani. Zinki iko katikati ya jedwali pamoja na chuma na shaba, basi imevaa sare yao. Chati yako inapaka kwa tabia. Kwa tabia, haidrojeni haifanani na mtu yeyote, na zinki ina sababu nzuri za kukaa na bati na risasi. Nitazieleza zote mbili.

Kwanza mpe binti jaribio dogo la kuthibitisha. Afungue kitabu atazame heliamu, nambari 2, pale juu kabisa kona ya kulia. Kama imepakwa sawa na neoni na agoni zilizo chini yake, basi kitabu kinafuata safu au familia. Kama imepakwa sawa na magnesiamu, ambayo iko upande wa pili kabisa wa ukurasa, basi kitabu kinafuata mpangilio wa elektroni. Kisanduku hicho kimoja kinatosha kumfichua mchoraji. Heliamu ina elektroni mbili tu, na zinakaa katika aina ileile ya chumba ambamo elektroni mbili za nje za magnesiamu hukaa. Ila chumba cha heliamu kimejaa na hakuna kingine katika tabaka lake, ndiyo maana haishughuliki na yeyote na tabia yake ni ya neoni. Kwa elektroni ni ya kushoto, kwa tabia ni ya kulia.

Vyumba hivyo vya elektroni viko aina nne, na wanakemia huviita s, p, d na f. Jedwali lililopakwa kwa njia hii huwa na rangi nne tu. Na hapa kuna jambo ambalo chati nyingi hazilisemi ingawa ni zuri mno. Pande la s lina upana wa safu 2, pande la p lina safu 6, pande la d lina safu 10, na ule ukanda wa f uliowekwa chini una visanduku 14 kwa kila mstari. Hesabu hizo ndizo idadi ya elektroni zinazoingia katika vyumba hivyo: 2, 6, 10, 14. Kwa hiyo lile umbo la ajabu la jedwali, lenye minara miwili pembeni na bonde katikati, limetoka kwa elektroni zenyewe. Mimi ningelazimishwa kuchagua chati moja kwa darasa zima ningechukua hii ya rangi nne, ingawa haivutii kama zile za rangi kumi.

Sasa zinki. Hapa ndipo walimu wenyewe hubishana kwenye chumba cha chai. Metali za katikati huitwa metali za mpito, na vitabu vingi vya sekondari huzipa rangi moja kuanzia skandiamu hadi zinki, vikaendelea hivyo kwa mistari ya chini. Lakini IUPAC inapoeleza metali ya mpito inasema ni elementi ambayo atomi yake, au ioni inazotengeneza (yaani atomi iliyokwisha kupoteza elektroni), ina chumba cha d ambacho hakijajaa. Zinki ina elektroni kumi katika chumba chake cha d, yaani kimejaa pomoni. Inapotengeneza ioni hupoteza zile mbili za nje, na kumi zinabaki palepale. Kwa kipimo hicho zinki, kadmiamu na zebaki hazimo. Mchoraji wa chati yako amefuata kipimo hicho. Mchoraji wa kitabu amefuata mahali kisanduku kilipo.

Binti ataliona jambo hili kwa macho yake katika maabara ya shule, pengine ameshaliona. Kwenye jaribio la kutambua chumvi, mwanafunzi hudondosha myeyusho wa sodiamu haidroksaidi tone kwa tone ndani ya testityubu. Ikiwa mna ioni za shaba, hutokea mashapo ya buluu. Chuma hutoa mashapo ya kijani au ya kahawia, kutegemea ni ioni gani ya chuma. Zinki hutoa mashapo meupe, na ukizidisha sodiamu haidroksaidi mashapo hayo huyeyuka yakapotea. Nani mwingine hutoa mashapo meupe yanayoyeyuka hivyo? Aluminiamu na risasi. Katika testityubu, zinki imekaa upande wa risasi na kuwaacha majirani zake wa jedwalini. Rangi ya buluu au kijani katika chumvi hutoka kwa chumba cha d kilicho na nafasi, ambamo elektroni huweza kuruka na kufyonza sehemu ya mwanga. Chumba kikijaa hakuna pa kurukia, na chumvi huwa nyeupe. Basi mwambie binti kwamba chati ya sebuleni, kwa zinki, inamsaidia zaidi kwenye mtihani wa maabara kuliko kitabu.

Haidrojeni ni kesi nyingine. Ina elektroni moja, kama sodiamu na potasiamu, kwa hiyo huwekwa juu ya safu ya 1. Lakini sodiamu ni metali laini inayokatwa kwa kisu na kulipuka majini. Haidrojeni ni gesi, na haina dalili ya umetali katika hali tunazoishi nazo. Tena inahitaji elektroni moja tu kujaza chumba chake, sawa na florini na klorini, na kwa kipimo hicho ingeweza kuwekwa juu ya safu ya 17. Baadhi ya wachoraji huitenga kabisa wakaiacha ikielea katikati ya ukurasa. Wengine huiweka safu ya 1 lakini wakaipa rangi ya zisizo metali, pamoja na kaboni na oksijeni. Chati yako imeiacha peke yake. Zote zina hoja.

Nikiwa hapohapo niguse sehemu nyingine ambazo binti atakuta rangi zinagombana, asije akadhani amedanganywa.

Ile ngazi ya mstari mnene inayoteremka upande wa kulia, kutoka boroni kwenda chini, hutenganisha metali na zisizo metali. Vinavyoigusa huitwa metaloidi, na karibu kila mtu hukubali boroni, silikoni, jemaniamu, arseniki, antimoni na teluri. Baada ya hapo kila mtu na lake. Wengine huongeza poloniamu. Wengine huongeza astatini, huku wenzao wakiiacha na halojeni, yaani familia ya florini na klorini. Astatini haijawahi kuonekana kwa macho kama kipande, kwa sababu hata iliyo imara kuliko zote huoza nusu yake kwa takriban saa nane, na joto la mionzi yake lingeigeuza mvuke. Rangi yake kwenye chati ni makisio ya mtu mwenye busara. Aluminiamu nayo inagusa mstari ule, lakini mafundi wa Kamukunji wanaogonga sufuria kutwa nzima hawahitaji kuambiwa kwamba ni metali.

Zile mistari miwili ya chini, lanthanidi na aktinidi, hupakwa rangi mbili tofauti katika chati nyingi. Ugomvi wao ni kuhusu nani aketi chini ya itriamu: lanthanamu, 57, au lutetiamu, 71? IUPAC iliunda jopo kulitazama swali hilo, na taarifa yake ya muda ya mwaka 2021 ikaelemea lutetiamu, lakini vitabu havijabadilika kwa pamoja. Lanthanidi zinatuhusu kuliko tunavyodhani. Ni sehemu kubwa ya yale madini adimu yanayozungumziwa katika kilima cha Mrima kule Kwale.

Halafu kuna visanduku vya mwisho, kuanzia kama 109 hadi 118, ambavyo wachoraji waaminifu huvipaka kijivu. Elementi hizo zimetengenezwa kwenye maabara atomi chache chache, nyingine zikidumu chini ya sekunde moja, na tabia zao za kikemia nyingi hazijapimwa. Oganesoni, 118, iko chini ya gesi bwete, zile zisizoshughulika kama heliamu na neoni, kwa makazi, lakini hakuna aliyewahi kuishika akaona kama ni gesi kweli.

Sehemu hiyohiyo itakuonyesha umri wa chati. Majina ya 113, 115, 117 na 118, yaani nihoniamu, moskoviamu, tenesini na oganesoni, yaliidhinishwa Novemba 2016. Ukikuta pale Uut, Uup, Uus na Uuo, umeuziwa karatasi ya zamani. Usirudi mjini kugombana na muuzaji kwa hilo. Chukua kalamu uandike Nh, Mc, Ts na Og juu yake, chati itakuwa nzima.

Sasa nyekundu. Nashuku mwenzake binti ameona chati ambayo herufi zenyewe zina rangi, tofauti na rangi ya kisanduku. Huo ni mfumo wa pili unaopandishwa juu ya wa kwanza, na ndio unaochanganya watu wengi. Mara nyingi herufi nyeusi ni kitu kigumu, buluu ni kimiminika, nyekundu ni gesi. Chati nyingine hutumia kijani kwa kimiminika. Herufi nyekundu zikiwa ni gesi, basi zitakuwa kumi na moja: haidrojeni, naitrojeni, oksijeni, florini, klorini, na gesi bwete sita kuanzia heliamu hadi radoni. Kama nyekundu ingekuwa hatari, sote tungekuwa mashakani, kwani hewa tunayovuta ni naitrojeni asilimia 78 na oksijeni asilimia 21.

Vimiminika ni viwili tu, bromini na zebaki. Lakini mfumo huu una sharti ambalo huandikwa kwa herufi ndogo pembeni: hali hizo ni za joto la kawaida la chumbani, mara nyingi nyuzi 25. Galiamu huyeyuka karibu na nyuzi 29.8. Kipande chake ukikiweka mezani Nairobi mwezi wa Julai kitakaa kigumu siku nzima, na ukikishika kiganjani kitayeyuka. Kipeleke Lodwar mchana, kitakuwa kimiminika mezani bila kuguswa. Chati iliyochorwa na mtu wa Turkana ingekuwa na haki ya kuandika Ga kwa buluu. Galiamu hii, kwa njia, ni mojawapo ya elementi ambazo Mendeleev aliziachia nafasi wazi. Iligunduliwa mwaka 1875 ikaingia palepale alipoitarajia.

Kuhusu hatari yenyewe, nitasema kwa mkazo kwa sababu hapa kosa linaweza kumdhuru mtoto: rangi ya familia haisemi lolote kuhusu sumu. Dhahabu ni 79 na zebaki ni 80, jirani ukuta kwa ukuta, na vitabu vingi huvipaka rangi moja. Moja unaivaa sikioni maisha yako yote. Nyingine huharibu neva na figo, na wachimbaji wadogo wa Migori wanaoitumia kunasa dhahabu wanavuta mvuke wake wanapoichoma. Vilevile aluminiamu na risasi hupewa rangi moja, ile ya "metali nyingine". Aluminiamu ni sufuria. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo sana. Kisha tazama fosforasi, kisanduku cha 15. Fosforasi nyeupe ni sumu kali, na huwaka yenyewe ikiguswa na hewa, ndiyo maana huhifadhiwa majini. Fosforasi nyekundu ndiyo iliyo kwenye ubavu wa kiberiti chako cha jikoni. Zote ni kisanduku kimoja. Ungekipaka rangi gani?

Tena elementi hubadilika ikiungana na nyingine. Sodiamu hulipuka majini, klorini iliua wanajeshi katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na zikiungana ni chumvi ya mboga. Alama za hatari ambazo binti anapaswa kuziheshimu ni zile za umbo la almasi zenye ukingo mwekundu zinazobandikwa kwenye chupa za kemikali. Huenda hapo ndipo mwenzake alipopata lile wazo la nyekundu. Lakini chupa ni chupa na jedwali ni jedwali.

Kuna mkanganyiko wa tatu ambao hukuuliza, ila utakuja tu. Kwenye maabara kuna vile vidude vya plastiki vya kuunganisha kutengeneza modeli za molekuli: kaboni nyeusi, haidrojeni nyeupe, oksijeni nyekundu, naitrojeni buluu, klorini kijani, salfa njano. Mfumo huo hauna uhusiano na rangi za jedwali. Ulianza na Mjerumani August Wilhelm von Hofmann, ambaye mwaka 1865 alitoa mhadhara London akitumia mipira ya mchezo wa kroke iliyopakwa rangi, na katika karne ya ishirini Corey, Pauling na Koltun wakaukamilisha. Tofauti na jedwali, hapa watu wamekubaliana kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo rangi hizi chache binti anaweza kuzikariri bila hasara.

Na rangi ya elementi yenyewe je, ukiiona kwenye sahani? Hiyo nayo ni habari nyingine. Metali karibu zote ni za fedha-fedha, zenye kijivu kidogo hapa na pale. Zinazoonekana wazi kuwa na rangi yake ni shaba na dhahabu, na sizi ina umanjano hafifu. Salfa ni njano. Klorini ni ya njano yenye ukijani, bromini ni nyekundu ya kahawia, iodini ni nyeusi ya kumeta inayotoa mvuke wa zambarau. Hizi tatu ni familia moja na kila chati huzipa rangi moja. Ndiyo maana huwa nachukizwa na chati zinazopaka halojeni zote kijani: mtoto akiona klorini ya kijani anadhani amefundishwa jambo, kumbe ni bahati tu, na bromini itamwangusha.

Ikiwa anataka rangi ambayo ni mali ya elementi kweli, asubiri usiku, uzime taa, uwashe jiko la gesi na unyunyizie chembe mbili tatu za chumvi juu ya moto ukiwa umesimama naye. Ule umanjano mkali unaotokea ni wa sodiamu, na hakuna mchapishaji anayeweza kuubadilisha. Potasiamu hutoa urujuani, shaba hutoa kijani chenye ubuluu, lithiamu hutoa nyekundu ya kukolea. Bunsen na Kirchhoff, Ujerumani, mwaka 1860 waliigundua sizi kwa njia hii, kwa kuona mistari miwili ya buluu katika mwanga wa mabaki ya maji ya chemchemi. Sodiamu unayoinyunyiza, kwa taarifa, inapatikana tele kusini kidogo mwa Nairobi: ziwa Magadi limejaa kabonati yake.

Chati za aina moja zimebaki, nazo nitazipitia haraka. Ukiona rangi zinafifia pole pole kutoka kisanduku hadi kisanduku, kwa mfano njano inayokolea hadi nyekundu, hapo hakuna familia tena. Hicho ni kipimo: joto la kuyeyuka, au nguvu ya atomi kuvuta elektroni, ambapo florini inaongoza kwa 3.98 katika kipimo cha Pauling. Soma ufunguo pembeni ujue ni kipimo gani. Bila ufunguo chati ya namna hiyo ni kitambaa cha maua tu.

Turudi kwa kukariri, kwa sababu ndilo lililonisukuma kuandika kirefu. Karatasi ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, haina rangi. Mtahiniwa hupewa kipande cha jedwali chenye visanduku vitupu na herufi kama P, Q, R na S, na chini yake huandikwa kwamba herufi hizo si alama halisi za elementi. Kisha huulizwa: ipi haishughuliki kabisa, ipi ni metali inayoshughulika kuliko zote, Q na S zikiungana fomula ni gani. Majibu yote yamo mahali herufi ilipoketi. Aliyekariri kwamba "metali za alkali ni chungwa" atakaa akiutazama ukurasa mweusi na mweupe. Anayejua kwamba safu ya kwanza kushoto ina elektroni moja ya nje, na kwamba ukishuka safu hiyo elektroni inakuwa mbali na kiini na rahisi kupotea, atajibu bila hata kujua jina la elementi.

Kwa hiyo chati iache ukutani na kitabu akiweke, visaidiane. Mnunulie daftari la mraba na penseli nane za rangi. Achore visanduku ishirini vya kwanza mwenyewe, kutoka haidrojeni hadi kalsiamu, aandike mpangilio wa elektroni ndani ya kila kimoja, 2.8.1 na kadhalika. Kisha apake mara tatu, kurasa tatu: ukurasa wa kwanza kwa idadi ya elektroni za nje, wa pili kwa metali na zisizo metali, wa tatu kwa kigumu na gesi, kwa maana katika ishirini hizo hakuna kimiminika hata kimoja. Ataona klorini ikihama kundi kila ukurasa, na kaboni ikiwa na oksijeni ukurasa huu, na aluminiamu ukurasa ule. Haidrojeni ikimsumbua kwenye ukurasa wa kwanza, aiache nyeupe.